Dalili Nyingi, Majibu Hakuna: Namna ya Kufuatilia Ugonjwa wa Mishipa Midogo ya Damu

Wasomaji huuliza swali moja kwa maneno tofauti. Mmoja ametibiwa sainasi mwaka mzima na pua haiachi kutoa damu na magamba. Mwingine amemaliza dozi ya kifua kikuu, ingawa vimelea havikuonekana kwenye makohozi, na bado anakohoa damu. Wa tatu huambiwa kila mwezi kwamba ana UTI, ilhali akikojoa hasikii maumivu yoyote. Wote humalizia hivi: nimepima kila kitu, hawaoni tatizo, nifanyeje?

Wengi wao, wakifuatiliwa vizuri, watakutwa na ugonjwa wa kawaida. Wachache watakutwa na vaskulitisi ya mishipa midogo, ugonjwa adimu ambamo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia kuta za mishipa myembamba kabisa ya damu. Makala hii itakusaidia kujua kama kuna sababu ya kuushuku, uanze na kipimo gani, na usifanye nini. Haichukui nafasi ya daktari. Kazi yake ni kukufikisha kwake ukiwa na taarifa anazozihitaji.

## Kwa nini hugundulika kwa kuchelewa

Mishipa midogo ipo kila mahali: puani, machoni, mapafuni, kwenye figo, ngozi na mishipa ya fahamu. Ikivimba, dalili hutokea sehemu zisizohusiana. Mgonjwa hupeleka pua kwa daktari wa pua, jicho kwa daktari wa macho na vipele kwa daktari wa ngozi. Kila mmoja anatibu kipande chake, na hakuna anayeona mwili mzima.

Majina utakayokutana nayo ni haya:

- GPA: hupenda pua, masikio, mapafu na figo. Ripoti za zamani huuita ugonjwa wa Wegener.
- MPA: hushambulia zaidi figo na mapafu.
- EGPA: huambatana na pumu na ongezeko la chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili. Zamani uliitwa Churg-Strauss.
- Vaskulitisi ya IgA: huwapata zaidi watoto. Jina lake la zamani ni Henoch-Schönlein.

Ukikuta jina la zamani kwenye karatasi moja na jipya kwenye nyingine, usidhani una magonjwa mawili.

## Lini uanze kushuku

Dalili moja peke yake haitoshi. Pua ikitoka damu mara moja, hiyo ni pua tu. Shuka na orodha hii, na ukijikuta na mambo mawili au zaidi kutoka sehemu tofauti za mwili, tena yamedumu wiki kadhaa, endelea kusoma kwa makini.

- Pua kuziba na kutoa magamba ya damu, au mgongo wa pua kubonyea.
- Sikio kuziba au usikivu kupungua kwa mtu mzima ambaye hakuwa na shida hiyo.
- Jicho jekundu lenye maumivu makali, lisilopona kwa dawa za matone.
- Sauti kukwaruza au pumzi kutoka na mlio.
- Kikohozi cha damu, au kuishiwa pumzi kunakoongezeka.
- Pumu iliyoanza ukubwani na kukataa kutulia.
- Mkojo wenye povu lisiloisha au rangi ya chai ya rangi, miguu kuvimba, shinikizo la damu lililopanda ghafla.
- Madoa ya damu chini ya ngozi, hasa miguuni kuanzia magotini kushuka.
- Ganzi upande mmoja, unyayo kushindwa kunyanyuka, ndala kuchomoka mguuni bila wewe kujua, au kiganja kulegea ghafla.
- Homa za mara kwa mara, kupungua uzito, viungo kuuma na uchovu mkubwa bila sababu.

Kuhusu ngozi nyeusi. Vitabu vingi huonyesha madoa mekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu huonekana ya zambarau, ya kahawia iliyoiva au meusi, na hukosewa kwa urahisi kuwa makovu ya mbu. Pitisha kidole: madoa ya vaskulitisi mara nyingi yameinuka kidogo. Kandamiza kwa bilauri safi ya kioo: yakibaki vile vile bila kufifia, hiyo ni damu iliyovuja. Kagua pia nyayo, viganja, ndani ya mdomo na ndani ya kope, ambako rangi huonekana vizuri zaidi.

## Dharura: usisubiri miadi

Nenda kitengo cha dharura siku hiyo hiyo ukiona:

- kukohoa damu nyingi au kushindwa kupumua;
- mkojo kupungua sana au kukatika;
- pumzi kutoka kwa mlio na koo kubana;
- mguu au mkono kupooza ghafla;
- jicho kuuma sana na uwezo wa kuona kupungua;
- tumbo kuuma sana pamoja na choo cha damu;
- madoa yasiyofifia yakiambatana na homa kali, shingo kukakamaa au kuchanganyikiwa. Hii inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, inayoweza kuua kwa saa chache.

## Hatua ya kwanza: pima mkojo

Kama una fedha ya kipimo kimoja tu leo, pima mkojo. Ni miongoni mwa vipimo vya bei nafuu kabisa na hupatikana hata kwenye vituo vidogo vya afya. Vaskulitisi huharibu figo kimyakimya. Huoni maumivu wala uvimbe mpaka uharibifu umekwenda mbali. Hata kreatinini kwenye damu huweza kusoma kawaida wakati mkojo tayari una damu na protini.

Fanya hivi:

1. Toa mkojo wa katikati: acha wa kwanza umwagike, kinga unaofuata.
2. Upeleke ukiwa mbichi. Ukikaa saa nyingi dirishani, vitu vinavyotafutwa huvunjika.
3. Mama au dada aliye hedhini asubiri amalize, la sivyo damu itakayoonekana haitakuwa na maana.
4. Omba mambo mawili: kijiti cha kupimia damu na protini, kisha mkojo uangaliwe kwa darubini. Sema wazi: "Dokta, naomba waangalie kama kuna chembe nyekundu zilizoharibika umbo au zilizoshikamana kwa umbo la mrija." Vimrija hivyo vya chembe nyekundu huashiria kwamba damu inatoka ndani ya figo.
5. Damu au protini ikionekana, omba kreatinini siku hiyo hiyo na shinikizo la damu lipimwe.

Utauliza: mbona niliambiwa ni UTI? UTI ya kweli kwa kawaida huleta kuungua wakati wa kukojoa na haja ya mara kwa mara, na mkojo ukioteshwa maabara huonyesha bakteria. Ukipewa antibayotiki mara ya pili au ya tatu kwa ajili ya damu kwenye mkojo, bila maumivu na bila mkojo kuoteshwa, dai uchunguzi zaidi.

Na kichocho je? Swali zuri, hasa kwa waliokulia kandokando ya maziwa, mito na mashamba ya mpunga. Kichocho cha kibofu huleta damu, mara nyingi mwishoni mwa kukojoa, na mayai yake hutafutwa kwa darubini hiyo hiyo. Kipimwe na kitibiwe, kisha mkojo urudiwe. Damu ikibaki pamoja na protini, tafuta zaidi. Kumbuka pia kwamba rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa. Hiyo si damu, na kijiti kitakuhakikishia.

## Hatua ya pili: weka kila kitu kwenye karatasi moja

Daktari wa zamu ana dakika chache kwako. Ukimsimulia kwa mdomo, utasahau nusu. Andika karatasi moja yenye:

- tarehe au mwezi kila dalili ilipoanza, kwa mpangilio;
- kila dawa uliyotumia, pamoja na ya duka la dawa, ya mitishamba na ya kunusa;
- dawa iliyokupa nafuu na ilivyokuwa ulipoiacha;
- majibu ya vipimo vyote, yakiwemo yaliyokuwa "kawaida";
- uzito wa zamani na wa sasa.

Usifiche kitu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha dawa pia. Hidralazini ya shinikizo la damu, propiltiourasili ya tezi la shingo na kokeini huweza kusababisha ugonjwa unaofanana na huu. Daktari asipojua unazitumia, atatafuta chanzo mbali kumbe kiko mfukoni mwako.

Piga picha vipele na jicho jekundu kwa simu, mchana, penye mwanga. Dalili hizi huja na kuondoka, na siku ya miadi ngozi inaweza kuwa safi.

## Hatua ya tatu: damu na picha

Mambo yakionyesha sababu ya kushuku, vipimo hivi kwa pamoja hutoa sura ya ugonjwa:

- Picha kamili ya damu, ikiwa na hesabu ya kila aina ya chembe nyeupe. Eosinofili zikizidi 1,000 kwa kila mikrolita kwa mtu mwenye pumu, EGPA iingie kwenye mjadala.
- ESR na CRP, vinavyopima kiwango cha uvimbe mwilini. Vikipanda havikutajii ugonjwa, vinakuambia tu kuna jambo.
- Kreatinini, na irudiwe. Ikipanda ndani ya siku au wiki chache, hiyo ni dharura ya figo.
- ANCA, tutaiangalia hapa chini.
- ANA na komplimenti C3 na C4, kutafuta lupusi na jamaa zake.
- Eksirei ya kifua, kisha CT ya kifua au ya sainasi daktari akiona haja.

Angalizo kuhusu eosinofili: kwetu sababu kubwa ya kupanda kwake ni minyoo na kichocho. Vipimwe kabla ya kusema EGPA. Mnyoo uitwao strongiloidesi una hatari ya pekee, kwani mwenye nao akipewa steroidi, dawa za kutuliza vaskulitisi, unaweza kuenea mwili mzima na kumuua.

## Hatua ya nne: ondoa vinavyofanana

Msomaji akishasoma orodha ya dalili, hukimbilia kuamini kwamba ndiyo yenyewe. Pole pole. Magonjwa yafuatayo huiga vaskulitisi, na mengine huleta hata ANCA ya uongo:

- Kifua kikuu. GPA huweza kutoboa mashimo kwenye pafu yanayofanana kabisa na ya TB. Makohozi yapimwe kwa GeneXpert. Kama ulianzishiwa dozi kwa kuangalia eksirei tu na huoni nafuu, usiache dawa kwa uamuzi wako. Rudi uombe makohozi yapimwe upya na mkojo uangaliwe.
- Maambukizi ya vali za moyo. Huleta homa, madoa na damu kwenye mkojo. Damu ioteshwe kabla ya antibayotiki na moyo uangaliwe kwa ultrasaundi.
- VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Vipimwe vyote. Majibu yake yatahitajika pia wakati wa kupanga matibabu.
- Ukoma, kwa mwenye ganzi na vidonda vya puani.
- Saratani, pamoja na zile za damu.

Hata vigezo vya kimataifa vilivyotolewa mwaka 2022 na vyama vya wataalamu wa Marekani na Ulaya kwa magonjwa ya GPA, MPA na EGPA vinaweka sharti hilo mwanzoni: vitumike baada ya magonjwa yanayofanana kuondolewa. Usijumlishe alama zake nyumbani ukajipa jibu.

## Namna ya kusoma jibu la ANCA

ANCA ni kingamwili zinazoshambulia chembe nyeupe za mwenye mwili. Kuna aina mbili zenye uzito: PR3, inayoandamana zaidi na GPA, na MPO, inayoandamana zaidi na MPA. Tangu mwaka 2017 makubaliano ya wataalamu yanapendekeza kuanza na kipimo kinachotaja PR3 na MPO moja kwa moja. Ukipewa karatasi yenye neno "chanya" pekee, uliza: ni aina ipi, na kiwango ni kipi?

- Chanya haimaanishi unao ugonjwa. Kifua kikuu, maambukizi ya vali za moyo na baadhi ya dawa huweza kuipandisha.
- Hasi haimaanishi huna. Kwa EGPA, wengi hawana ANCA. Kwa GPA iliyobaki puani tu, huweza kukosekana. Vaskulitisi ya IgA haihusiani nayo kabisa.
- Usiipime bila sababu. Kwa mtu mwenye uchovu tu na mkojo safi, kipimo hiki huleta hofu kuliko majibu.

## Kuchukuliwa kinyama cha kupimwa: usikimbie

Hapa ndipo wengi hutoroka. Wanasikia kinyama kinatolewa kwenye figo na wanahisi figo inatolewa. Kinachochukuliwa ni kipande chembamba sana, kwa sindano maalumu, eneo likiwa limetiwa ganzi na ultrasaundi ikiongoza. Utalala kitandani ukiangaliwa kwa saa kadhaa. Hatari kubwa ni kuvuja damu, ndiyo maana shinikizo la damu na uwezo wa damu kuganda hupimwa kwanza. Mwambie daktari kama unatumia aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda.

Zingatia haya:

- Kinyama cha figo ndicho hutoa jibu la uhakika zaidi pale figo zinapohusika.
- Kinyama cha puani ni rahisi kukipata, lakini mara nyingi hurudi na jibu la "uvimbe wa kawaida". Hilo halifuti ugonjwa.
- Kinyama cha ngozi kichukuliwe kwenye doa jipya, lisilozidi siku mbili. Uliza kama maabara inaweza kupima IgA.
- Mgonjwa akiwa hatarini, matibabu huanza kabla ya kinyama. Siku chache za steroidi hazifuti kila alama.

## Makosa yanayojirudia

1. Kununua steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni dukani. Unapata nafuu wiki moja, eosinofili zinashuka, madoa yanapotea, na daktari anakuta mwili uliofichwa dalili zake.
2. Kumeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya viungo. Figo zilizo vitani hazihimili dawa hiyo.
3. Kuhama hospitali bila faili. Kila mahali unaanza upya.
4. Kupima mkojo mara moja tu. Ulio safi mwezi huu unaweza kubadilika mwezi ujao.
5. Kuacha kumfuatilia mtoto baada ya vipele kuisha. Mwenye vaskulitisi ya IgA apimwe mkojo na shinikizo la damu kwa miezi isiyopungua 6, hata akiwa anacheza mpira.

## "Lakini..."

"Sina fedha za vipimo vyote hivyo." Hakuna anayehitaji vyote siku moja. Anza na mkojo, kreatinini, picha kamili ya damu na eksirei. Majibu hayo ndiyo yataamua kama ANCA na CT vinastahili fedha yako. Kama una bima, uliza mapema kipi kinalipiwa na kipi kinahitaji kibali.

"Wilayani kwetu hakuna bingwa." Mabingwa wa magonjwa ya kinga na viungo ni wachache Afrika Mashariki nzima. Omba rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya ndani au wa figo. Ndio wanaouona ugonjwa huu zaidi. Hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Kenyatta jijini Nairobi zina mabingwa wa figo.

"Daktari ataona namfundisha kazi." Usimpelekee jina la ugonjwa. Mpelekee karatasi yako na swali moja: "Dokta, je, dalili hizi zote zinaweza kuwa na chanzo kimoja?" Ni swali la heshima, na humfanya afikiri upya.

"Nimeanza tiba asili na naona nafuu." Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe. Nafuu unayoihisi haikuambii figo zinaendeleaje. Pima mkojo.

## Jibu likipatikana

Kabla ya tiba za kisasa, mgonjwa wa GPA iliyosambaa aliishi wastani wa miezi 5. Leo walio wengi hutulizwa kwa steroidi pamoja na rituksimabu au siklofosfamidi, kisha huendelea na dawa za kuzuia ugonjwa kurudi. Kabla ya kuanza, hakikisha homa ya ini B, VVU na kifua kikuu vimepimwa. Uliza kuhusu septrini ya kukukinga na nimonia. Kama bado unataka kuzaa, liseme kabla ya siklofosfamidi, kwa sababu huweza kuharibu uzazi wa mwanamke na wa mwanamume.

Ndugu msomaji, figo ikishakuwa kovu hairudi, na wiki moja huweza kutenganisha mtu anayemeza vidonge na mtu anayesafishwa damu kwa mashine. Kama umejiona kwenye orodha ya dalili hapo juu, usiiweke makala hii pembeni ukisubiri mwisho wa mwezi. Kesho asubuhi kapime mkojo, na majibu yake uyaandike kwenye ile karatasi moja.